Nani Anapanga Viwango vya Redio Ndogo?

(Mazungumzo kwa wanafunzi wa uhandisi na ufundi)



Mwaka 1969, Mwalimu Julius Nyerere alipokuwa akiutambulisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, alilikumbusha Taifa kwamba kupanga ni kuchagua. Maneno hayo hukumbukwa sana panapozungumzwa habari za viwanda, shule, zahanati na barabara. Ni mara chache yanapokumbukwa panapozungumzwa habari za mitambo ya mawasiliano. Watu wengi hudhani kwamba mitambo huja kama mvua: inanyesha au hainyeshi, na binadamu hana la kufanya ila kukinga ndoo. Dhana hiyo ni potofu. Kila chombo kinachosema na chombo kingine hufuata kanuni, na kila kanuni iliandikwa na watu. Watu hao walikaa pamoja, wakabishana, kisha wakachagua nini kifanywe mwanzo, nini kisubiri, na nini kisifanywe kabisa. Asiyejua jinsi uchaguzi huo unavyofanyika atabaki kuwa mnunuzi wa maamuzi ya wengine.

Mfano unaofaa kuchunguzwa ni ule wa itifaki za Intaneti kwa ajili ya mitandao ya redio zinazotumia umeme kidogo. Hizi ni redio zinazofungwa ndani ya vipimo vya joto, vya unyevu wa udongo, vya maji na vya umeme. Hazipigi kelele wala hazionekani. Lakini ndizo zinazofanya kipimo kilichoachwa peke yake juu ya daraja au katikati ya shamba kiweze kutoa taarifa bila ya mtu kwenda kukisoma.

UDOGO WA VYOMBO

Jambo la kwanza la kueleweka ni udogo wa vyombo vyenyewe. Waraka wa mwaka 2014 unaojulikana kama RFC 7228 ulivipanga vyombo hivyo katika madaraja. Chombo cha daraja linaloitwa la 1 kina kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 10 hivi, na nafasi ya kutunzia programu ya kilobaiti 100 hivi. Chakula chake ni betri, na betri hiyo hutakiwa idumu kwa miaka. Tena, katika redio hizi kusikiliza hula umeme karibu sawa na kusema, na katika baadhi ya chipu kusikiliza hula zaidi. Kwa hiyo chombo kinachotaka kuishi muda mrefu hakina budi kulala usingizi karibu wakati wote, kikaamka kwa nukta chache tu.

Mwaka 2003 taasisi ya wahandisi ya IEEE ilitoa kiwango cha redio za namna hiyo, kinachoitwa 802.15.4. Katika masafa ya gigahezi 2.4, redio hiyo hupeleka kilobiti 250 kwa sekunde. Kipande kimoja cha ujumbe wake hakizidi baiti 127.

Sasa fanyeni hesabu. Kutoka katika baiti 127, ondoeni 25 ambazo redio yenyewe yaweza kuzihitaji kwa anwani na mambo yake mengine, zinabaki 102. Ondoeni 21 za ulinzi wa siri, pale ulinzi mkali unapotumika, zinabaki 81. Ondoeni 40 za kichwa cha itifaki ya Intaneti ya toleo la sita, yaani IPv6, zinabaki 41. Ondoeni 8 za itifaki ya UDP, zinabaki 33. Ni sawa na mkulima aliyekodi lori zima, akakuta robo tatu yake imejaa makaratasi ya vibali, na magunia yake ya mahindi yamebanwa nyuma kabisa. Na si hayo tu. IPv6 hudai kwamba kila njia iweze kupitisha pakiti ya baiti 1280, yaani mara kumi ya uwezo wa redio hii.

Kwa sababu hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwapo wataalamu wengi walioamini kwamba Intaneti haiwezi kuingia katika vyombo hivi. Walisema kila aina ya redio ijitungie lugha yake, na mpakani awekwe mkalimani wa kutafsiri. Muungano wa makampuni wa ZigBee, ulioanzishwa mwaka 2002, ulifuata njia hiyo kwa kutunga utaratibu wake wa mtandao. Aliyetaka kuuza bidhaa zenye utaratibu huo alipaswa kuwa mwanachama wa muungano.

Njia ya mkalimani ina mvuto wake, kwani hufanya kazi upesi. Lakini ina gharama. Mkalimani lazima ajue kila neno jipya. Kila chombo kipya kinapokuja, mkalimani hana budi kufundishwa upya, na anayemiliki mkalimani ndiye anayemiliki mazungumzo. Nchi inayonunua vipimo 1,000 kwa utaratibu huo hununua pia utii wa miaka mingi kwa muuzaji wake.

KAZI MBILI TU

Wengine walikataa kukubali kwamba jambo hilo haliwezekani. Adam Dunkels wa Sweden alikwisha kuonyesha kwa programu yake iitwayo uIP kwamba itifaki za Intaneti zaweza kukaa katika kompyuta ndogo za biti 8. Kwa hiyo mwaka 2005 Kikosi Kazi cha Uhandisi wa Intaneti, kinachojulikana kwa herufi IETF, kiliunda kikundi kilichoitwa 6LoWPAN ili kiipitishe IPv6 juu ya redio za 802.15.4.

Hapa ndipo penye somo la mipango. Kikundi hicho kingeweza kupewa kazi zote kwa mara moja: kubana pakiti, kutafuta njia, ulinzi, usimamizi na mengineyo. Hadidu zake za rejea zilikipa kazi mbili tu. Kwanza, kuandika tatizo ni nini na lengo ni nini. Pili, kuandika jinsi pakiti ya IPv6 itakavyokatwa, kubanwa na kubebwa na redio hiyo. Kazi ya kwanza ilitoka Agosti 2007 kama RFC 4919, na ya pili ilitoka mwezi uliofuata kama RFC 4944. Ilichukua takriban miaka miwili na nusu.

Ufupi huo wa hadidu haukuwa uvivu. Kikundi kinachoahidi kila kitu hakitoi kitu. Wakulima wanajua kwamba ekari mbili zilizopaliliwa ni bora kuliko ekari ishirini zilizolimwa zikaachiwa magugu.

Hata hivyo, mpango mzuri haumaanishi kwamba kila uamuzi ndani yake ulikuwa sahihi. Namna ya kwanza ya kubana kichwa cha pakiti ilifanya kazi vizuri pale tu vyombo viwili jirani vilipokuwa vikisemezana. Chombo kilipotaka kusema na ulimwengu wa nje kwa anwani inayotambulika duniani kote, ilibidi kibebe tena sehemu kubwa ya anwani hiyo katika kila ujumbe. Yaani ilisaidia zaidi pale ambapo Intaneti haikuhitajika, na ilisaidia kidogo pale ilipohitajika. Kosa hilo lilisahihishwa na RFC 6282 ya Septemba 2011, ambayo kwa mazungumzo ya majirani hukibana kichwa cha baiti 40 hadi kufikia baiti 2, na kwa safari ya kupitia vyombo kadhaa hukifikisha kwenye baiti 7 katika hali nzuri. Miaka minne ilipita kati ya kosa na sahihisho. Heshima ya kikundi hicho ni kwamba kililikiri kosa kwa maandishi, kikaiacha njia ya zamani na kuweka mpya.

Sahihisho la pili lilihusu ujirani. Katika IPv6 ya kawaida, chombo kinachomtafuta jirani hupaza sauti kwa wengi, na wengi hao hutarajiwa wawe macho. Kwa chombo kinacholala ili kiishi, utaratibu huo ni sawa na kugongewa mlango usiku kucha. RFC 6775 ya Novemba 2012 iliubadilisha. Chombo chenyewe, kinapoamka, huenda kujiandikisha kwa ruta iliyo karibu, kwa muda maalumu, kisha hurudi kulala. Anayekitafuta humwuliza ruta. Kila aliyewahi kuishi chini ya balozi wa nyumba kumi ataufahamu utaratibu huu bila ya maelezo marefu: mgeni huenda kwa balozi, jina lake huandikwa, na anayemtafuta hana haja ya kuuamsha mtaa mzima.

NJIA NA MIFANO

Lililobaki lilikuwa suala la njia. Ujumbe wa kipimo kilicho mbali hupokezanwa na vipimo vingine mpaka ufike. Nani atachagua njia hiyo? Wapo waliotaka redio zenyewe zifanye kazi hiyo chini kwa chini, na wapo waliotaka ifanywe na itifaki ya Intaneti mbele ya macho ya wote. Kikundi cha 6LoWPAN hakikubebeshwa kazi ya kutunga itifaki ya njia. Mwaka 2008 kiliundwa kikundi kingine, ROLL, kwa ajili ya kazi hiyo.

ROLL ilianza kwa kuuliza mahitaji kabla ya kutunga kanuni, jambo ambalo ni la busara. Ilitoa nyaraka nne za mahitaji: miji mwezi Mei 2009, viwanda mwezi Oktoba 2009, nyumba za kuishi mwezi Aprili 2010, na majengo makubwa mwezi Juni 2010. Kutokana na mahitaji hayo ilizaliwa itifaki ya RPL, iliyotolewa Machi 2012 kama RFC 6550.

Itazameni tena orodha hiyo: miji, viwanda, nyumba, majengo. Shamba halimo. Katika sayari ambayo mamia ya mamilioni ya watu wanaishi kwa jembe, orodha ya mahitaji manne haikuwa na nafasi ya shamba. Je, hiyo ilikuwa njama? Hapana. Orodha iliandikwa na waliokuwapo, na waliokuwapo waliandika wanayoyajua.

Haki inadai isemwe kwamba mwaka huo huo wa 2012, mwezi Aprili, kikundi cha 6LoWPAN kilitoa waraka wa mifano ya matumizi, RFC 6568, na humo kilimo kimo. Kimo pamoja na stoo za hospitali, usalama wa madaraja, nyumba, uangalizi wa wagonjwa majumbani na vyombo vya usafiri. Lakini shamba lililochaguliwa kuwa mfano ni shamba la mizabibu linalojiendesha. Mkulima wa zabibu wa Dodoma aweza kufurahi kwamba zao lake limetajwa. Mkulima wa mahindi, wa mpunga, wa mihogo na mfugaji wa ng'ombe bado wanasubiri wa kuwataja.

Jambo hili si la mapambo. Anayeandika mfano ndiye anayeandika mahitaji; anayeandika mahitaji ndiye anayeamua chombo kiwe na nini na kisiwe na nini. Kwamba umbali kati ya chombo na chombo ni chumba na chumba, au ni bonde na bonde. Kwamba umeme wa ruta upo saa zote, au hukatika. Kwamba fundi yupo mtaa wa pili, au yupo safari ya siku mbili: yote hayo hukaa ndani ya mfano kimyakimya, kisha hugeuka kuwa kanuni.

RPL yenyewe inatoa somo jingine. Katika kutafuta kuwaridhisha wote, ilikubali namna mbili za kutunza njia za kurudi chini: moja ambamo kila ruta hukumbuka njia, na nyingine ambamo mkuu wa mtandao peke yake ndiye anayekumbuka. Namna hizo mbili hazichanganyiki. Ruta iliyotengenezwa kwa namna moja tu, ikiingia katika mtandao wa namna nyingine, haiwezi kuwa ruta humo. Itaishia kuwa jani la mwisho la mti. Hivyo vyombo viwili vyaweza kufuata kiwango kimoja visifanye kazi pamoja kama ilivyotazamiwa. Kupanga ni kuchagua, na asiyechagua leo humwachia fundi wa kesho mzigo wa kuchagua.

MLANGO ULIO WAZI

Ni nani basi wanaopanga? IETF ilifanya mkutano wake wa kwanza Januari 1986 mjini San Diego, Marekani, ukiwa na watu 21. Haina ada ya uanachama, wala haiwatambui wajumbe kwa nchi zao au kwa makampuni yao. Kila mmoja huhesabiwa kuwa ni mtu mmoja. Nyaraka zake husomwa bure na mtu yeyote. Hawapigi kura. David Clark aliueleza msimamo huo mwaka 1992: wanaamini katika makubaliano ya jumla na katika programu inayofanya kazi. Mwenyekiti anapotaka kujua mwelekeo wa kikao huweza kuwataka waliopo wagune, akasikiliza mguno upi una nguvu. Lakini mguno si hukumu, kwani hoja moja nzito ya mtu mmoja yapaswa kujibiwa hata kama wengine wote wameguna kinyume chake. Mwenye habari za hataza inayogusa mchango wake anatakiwa aitangaze, ili wenzake wasije wakajenga nyumba juu ya kiwanja cha mtu.

Utaratibu huu una usawa mwingi kuliko vyama vya wafanyabiashara. Lakini mlango ulio wazi si sawa na mlango ulio karibu. Mikutano hufanyika mara tatu kila mwaka. Tangu ule wa San Diego wa mwaka 1986 hadi ule wa Dublin wa Novemba 2024, hakuna hata mmoja uliofanyika katika bara la Afrika. Aendaye mara kwa mara huwa amelipiwa na mwajiri, na mwajiri mwenye uwezo wa kulipa hivyo kwa miaka saba mfululizo kwa kawaida ni kampuni kubwa au chuo chenye fedha. Hakuna aliyemfukuza mnyonge, nauli imemfukuza. Siku hizi mtu anaweza kuhudhuria kutoka mbali kwa kompyuta, na mashauri huthibitishwa kwa maandishi, kwa hiyo udhuru wa nauli umepungua nguvu. Udhuru uliobaki ni wa kutojiandaa.

Wapo wanaosema: ya nini kuhangaika? Waacheni wenye uwezo watunge, wengine watatumia. Historia ya muongo uliopita inawajibu kwa pande mbili. Kwa upande mmoja, kazi ya 6LoWPAN imekuwa ni mali ya wote. Muungano wa ZigBee wenyewe ulitoa ZigBee IP mwaka 2013. Mtandao wa Thread, uliotangazwa mwaka 2014, ulijengwa juu ya 6LoWPAN. Na kiwango cha Matter cha mwaka 2022 kimesimama juu ya IPv6. Kikundi kilichorithi kazi hiyo, 6lo, kiliipeleka hata kwenye Bluetooth mwaka 2015. Waliosema haiwezekani wamejibiwa, na nyaraka zile bado husomwa bila malipo na mwanafunzi wa Mbeya kama asomavyo mwanafunzi wa Stockholm.

Kwa upande wa pili, Thread na Matter ni mambo ya nyumbani: taa, makufuli, mapazia. Huko ndiko fedha ilikovuta. Redio za masafa marefu, zinazofikia kilometa kadhaa na ambazo zaweza kumfaa mkulima zaidi, zilipata kikundi chao mwaka 2016, miaka kumi na mmoja baada ya 6LoWPAN. Kwa redio za LoRaWAN, katika kanuni za Ulaya na kwa kasi ya chini kabisa, ujumbe mmoja hubeba baiti 51 tu. Utaratibu wa kubana pakiti kwa redio hizo, SCHC, ulitolewa Aprili 2020 kama RFC 8724. Shamba lilihudumiwa, lakini lilihudumiwa baadaye. Ndivyo inavyokuwa kwa asiyekuwapo.

LA KUFANYA

Kutokana na hayo, vijana wa uhandisi wana wajibu wa namna tatu.

Kwanza, kusoma nyaraka zenyewe badala ya matangazo ya wauzaji. RFC 4919 na RFC 4944 si siri za dola. Mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuzisoma kwa juma moja, na akizisoma atajua kumwuliza muuzaji swali ambalo muuzaji hakulitarajia: chombo hiki kinafuata kiwango gani, na kinafuata kwa namna ipi kati ya zile zinazoruhusiwa?

Pili, kujenga na kupima. Katika utaratibu unaoheshimu programu inayofanya kazi, vipimo kumi vilivyokaa shambani masika nzima, vikarekodi ni ujumbe ngapi ulipotea majani yalipolowa na betri ilidumu siku ngapi, vina uzito kuliko hotuba kumi juu ya unyonge wa Afrika. Takwimu za namna hiyo haziwezi kukusanywa na mtu aliyeko California kwa niaba ya mtu aliyeko Kilombero.

Tatu, kuandika. Mahitaji ya shamba, ya bomba la maji la kijiji, ya ghala la chama cha ushirika na ya mto unaofurika yaandikwe kwa lugha ya wahandisi, yenye umbali, idadi, muda na nguvu ya betri, kisha yapelekwe mezani wakati hadidu za rejea bado zinajadiliwa. Zikikwisha kupitishwa, mwenye hoja mpya huambiwa kwamba jambo lake liko nje ya mpango, na anayemwambia hivyo huwa hakukosea.

Wazee walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Hawakusema kwamba lake ni baya, au kwamba amelinyimwa. Walisema tu kwamba halipo. Shamba la mahindi halimo katika orodha ya mwaka 2009 na 2010 kwa sababu hiyo, na orodha zinazofuata zinaandikwa sasa.